Kanisa letu limejengwa juu ya nini? Mitume wa Yesu na wale wanne wa Baraka na Fizi



Katika pembe zetu za machimbo, kutoka Misisi na Lulimba mpaka Baraka kule kwenye ziwa, makanisa hayakosekani. Siku ya Mungu asubuhi unasikia ngoma huku, spika kule, kwaya upande mwingine. Na juu ya milango mingi utasoma neno lile lile: "la mitume", ao kwa Kifaransa "apostolique". Huyu anaitwa mtume, yule nabii, mwingine ni mtume mkubwa kupita mitume wote. Ndiyo maana vijana wanauliza: "Sasa kanisa la mitume la kweli ni lipi? Na sisi tuko wa nani?"

Ulizo hilo si la mchezo. Linagusa imani, lakini linagusa pia mfuko wa baba, chakula cha watoto na amani ya nyumba. Kuna nyumba ambamo baba anasali huku, mama kule, na watoto wanabaki katikati. Basi tukae chini, tulijibu pole pole.

MTUME NI NANI?

Mtume ni mtu aliyetumwa. Ndivyo lugha yetu inavyosema, na neno la Kigiriki "apostolos" linasema vile vile. PDG wa shimo akimtuma kijana Baraka kuuza renge tatu za dhahabu, kijana yule hawezi kusema dhahabu ni yake. Akifika anasema jina la aliyemtuma. Akirudi anatoa hesabu. Akianza kuuza kwa jina lake mwenyewe, si mjumbe tena. Watu wa machimbo wanajua jina la mtu wa namna hiyo.

Yuda alipokufa, mitume walibaki kumi na mmoja. Soma Matendo ya Mitume, sura ya 1. Petro hakusema: "Tutafute mtu mwenye sauti nzuri." Aliweka sharti: awe mtu aliyetembea pamoja nao tangu ubatizo wa Yohana mpaka siku Yesu alipopaa, ili awe shahidi wa ufufuko. Walipatikana wawili, Yosefu Barsaba na Matia, na kura ikamwangukia Matia. Sharti lilikuwa kuona kwa macho na kusikia kwa masikio.

Na wanawake je? Yohana anaandika kwamba Maria Magdalena ndiye aliyetumwa na Yesu mfufuka kwenda kuwaambia wanafunzi. Kwa hiyo tangu zamani Kanisa limemwita mtume wa mitume, na katika mwaka wa 2016 Papa Fransisko aliipandisha siku yake, tarehe 22 Julai, iwe sikukuu sawasawa na zile za mitume.

Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso (2:20), anafananisha Kanisa na nyumba: mitume na manabii ni msingi, na Yesu mwenyewe ni jiwe kubwa la pembeni. Kila mwashi anajua kwamba msingi unawekwa mara moja. Juu yake unaweza kuongeza kuta, kukata madirisha, hata kubadili mabati yakizeeka. Lakini hakuna mwashi anayepanda juu ya paa ili aweke msingi mwingine kule.

KILA KANISA NA JIBU LAKE

Wakatoliki wanaonyesha mfululizo wa maaskofu: huyu aliwekewa mikono na yule, yule na mwingine, mpaka kwa mitume. Waprotestanti wengi wanasema: tuna maandiko ya mitume, na yeyote anayeyashika yuko juu ya msingi wao. Katika Kongo jumuiya nyingi za Kiprotestanti ziliunganishwa mwaka wa 1970 katika Kanisa la Kristo, zikapewa namba ambazo watu wanazitumia mpaka leo. Wapentekoste, ambao wamisionere wao kutoka Sweden na Norway walifika Kivu ya Kusini katika miaka ya 1920, wanakazia Roho Mtakatifu aliyewashukia mitume siku ya Pentekoste.

Wako pia wenye mitume walio hai. Kanisa la Néo-apostolique, lililoanza Hamburg katika Ujerumani mwaka wa 1863, linaongozwa na mitume, na limeenea sana katika inchi yetu. Na wale tunaowaita Bapostolo, wenye kanzu nyeupe, wanaosali Jumamosi kwenye uwanja bila jengo, wanatoka kwa John Maranke, aliyeanza kuhubiri mwaka wa 1932 katika Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Walifika Kongo katika miaka ya 1950.

Hatuandiki haya ili kumpiga jirani mawe. Ni kinyume: angalia jinsi wote, kila mmoja kwa njia yake, wanataka kurudi kwa wale waliotumwa na Yesu. Hakuna anayethubutu kusema: "Sisi tumeanza wenyewe." Basi ulizo linageuka. Si tena "Nani ameandika neno mitume juu ya mlango?" Ni hili: "Mtu aliyetumwa kweli anajulikana kwa alama gani?" Ili kulijibu hatuna haja ya kwenda mbali. Jibu moja liko hapa hapa Fizi na Baraka.

NAMNA HABARI NJEMA ILIVYOFIKA KWENYE ZIWA

Mapadri Weupe, shirika lililoundwa na Askofu Lavigerie kule Algeria mwaka wa 1868, walifika Ujiji mwaka wa 1879. Wengine walikwenda wakakaa Rumonge, ng'ambo ya Baraka, upande wa Burundi. Tarehe 4 Mei 1881 watatu waliuawa pale. Lakini kazi haikufa. Upande wetu wa ziwa ilikuwa imekwisha kuanza: misioni ya Masanze mwaka wa 1880, halafu Kibanga mwaka wa 1883.

Wakati ule biashara ya watumwa ilikuwa inaharibu inchi yote. Wengi wa wakristo wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa mikononi mwa wafanya biashara: watoto wasio na baba, wasio na mama, wasiojua kijiji chao. Juu ya hao Kanisa la ziwa lilianza kusimama. Tusisahau hilo tunapoona leo watoto wakibeba mifuko ya mawe kwenye machimbo.

Mfaransa mmoja, Kapiteni Louis Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Papa, alikuja kuwalinda watu wa ziwa juu ya wawinda watumwa. Alimwoa Agnes Atakaye, mwanamke wa inchi hii, akakaa mpaka kufa kwake mwaka wa 1927. Mtoto wao Albert alizaliwa Saint-Louis de Mrumbi, upande wa Moba, tarehe 18 Oktoba 1908. Alipokuwa na miaka minane, kule kule Moba, ambayo wakati ule iliitwa Baudouinville, Stefano Kaoze alipewa upadri, tarehe 21 Julai 1917. Ndiye padri wa kwanza wa Kongo yetu. Albert naye akafuata njia hiyo: alipata upadri mwaka wa 1935.

Mwaka wa 1958 mapadri wa Ksaveri kutoka Italia walifika Uvira. Shirika lao liliundwa na Guido Maria Conforti mwaka wa 1895. Jimbo la Uvira, lenye parokia za Baraka na Fizi ndani yake, liliundwa mwaka wa 1962, na Danilo Catarzi akawa askofu wake wa kwanza.

Ona jinsi mnyororo unavyokwenda: Algeria, Ujiji, Masanze, Kibanga, Moba, Uvira, Baraka, Fizi. Kila mahali mtu fulani alimtuma mtu fulani. Na katikati ya majina hayo makubwa wamo wakatekista, baba na mama ambao majina yao hayakuandikwa katika vitabu, waliotembea kwa miguu toka kijiji hata kijiji wakifundisha sala.

TAREHE 28 NOVEMBA 1964

Mwaka wa 1964 vita vya Simba viliwaka upande wetu. Wananchi wengi wasio na kosa walikufa, mikononi mwa waasi na mikononi mwa wale waliowapiga waasi pia. Mwezi wa Oktoba Uvira ilitoka mikononi mwa waasi, lakini Fizi na Baraka zilibaki chini yao.

Ilikuwa Jumamosi. Kesho yake Majilio yangeanza, na kesho kutwa ingekuwa sikukuu ya Mtume Andrea. Mchana, gari la askari lilisimama mbele ya misioni ya Baraka. Ndani yake mlikuwa mkubwa mmoja wa waasi. Frera Vittorio Faccin, mwenye miaka 30, alipigwa risasi pale pale. Padri Luigi Carrara, mwenye miaka 31, alikuwa katika kanisa akiungamisha watu. Alitoka, akamwona ndugu yake amelala chini. Wakamwamuru apande gari. Yeye aliomba afe pamoja na ndugu yake, akapiga magoti karibu naye. Wakamwua.

Gari likapanda milimani mpaka Fizi. Usiku ulikuwa umeingia. Walipobisha, Padri Giovanni Didonè, mwenye miaka 34, alifungua mlango. Akafanya ishara ya msalaba, akapigwa risasi. Abbé Albert Joubert, mwana wa Kapiteni na wa Mama Agnes, mwenye miaka 56, naye akauawa.

Wanne kwa siku moja: Waitaliani watatu na Mkongomani mmoja, mapadri watatu na frera mmoja. Siku tatu baadaye, tarehe 1 Desemba, Sista Anuarite aliuawa kule Isiro. Yeye aliitwa mwenyeheri mwaka wa 1985. Wale wanne wetu walingoja zaidi: tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa niaba ya Papa Fransisko, aliwatangaza wenyeheri.

HAWAKUJIITA MITUME

Angalia vizuri, msomaji. Katika wale wanne hakuna aliyejiita mtume. Kifo kiliwakuta kazini. Mmoja alikuwa anasikiliza dhambi za watu na kuwapa maondoleo. Mwingine alifungua mlango kwa sababu mtu amebisha. Frera Vittorio hakuwa hata padri. Kazi ya frera ni kusaidia kwa mikono yake. Aliyetumwa anajulikana hivyo: ukienda kumtafuta, unamkuta pale alipotumwa.

Jambo la pili: hawakufa kwa sababu ya kabila, wala kwa sababu ya shimo la dhahabu. Katika inchi yetu damu nyingi imemwagika juu ya vitu hivyo viwili. Damu yao haikuomba kisasi. Leo katika Fizi wajukuu wa waliobeba silaha wakati ule wanachota maji kisima kimoja na wajukuu wa wakristo wa wakati ule, na mara nyingi ni jamaa moja. Ikiwa damu ya wanne hawa ni sehemu ya jengo letu, basi nyumba hii haiwezi kuwa ya ukoo mmoja.

DHAHABU UNAIPIMA, NA MTUME JE?

Kwenye kaunta ya mnunuzi hakuna anayetoa feza kwa kuangalia rangi tu. Wanaweka tindikali, wanaweka moto, wanaweka mizani. Tunawasikitikia wanaopokea shaba kwa kudhani ni dhahabu. Lakini mtu akija na koti zuri na spika kubwa, akisema "Mimi ni mtume", tunampokea bila kumpima. Katika Ufunuo (2:2) Bwana anawasifu wakristo wa Efeso kwa sababu waliwapima watu waliojiita mitume, wakawaona ni waongo. Kupima si dhambi, ni agizo. Hivi hapa vipimo vinne:

1. Fundisho. Wakristo wa kwanza walidumu katika mafundisho ya mitume, katika ushirika, katika kumega mkate na katika sala (Matendo 2:42). Mtu akikuletea jambo ambalo mitume hawakulijua, tena akikukataza kuliuliza, kaa mbali naye.

2. Feza. Petro, mbele ya kilema kwenye mlango wa hekalu, hakuwa na feza wala dhahabu ya kutoa. Alitoa jina la Yesu. Simoni mchawi alipotaka kununua nguvu ya Roho, Petro alimkaripia. Paulo alishona mahema kwa mikono yake, na alipowaaga wazee wa Efeso aliwakumbusha kwamba hakutamani feza wala dhahabu ya mtu (Matendo 20). Sasa anayekuambia: "Leta renge mbili, shimo lako litafunguka," huyo amejifunza kwa nani? Kwa Petro, ao kwa Simoni?

3. Matunda. Shimo lisipofunguka, mtume wa uongo hasemi: "Nimekosa." Anatafuta wa kumtwika kosa: "Nyanya yako njo analoga." Hapo nyumba inavunjika. Mwaka wa 2021 habari zilitangazwa za wanawake waliouawa katika Kivu ya Kusini kwa sababu ya kushitakiwa ulozi. Mitume waliponya wagonjwa na kuwasaidia wajane. Hawakuwatoa wazee wa kike wauawe. Mama zetu wana kipimo chao: "Miye siangaliake kanzu yake. Ninaangaliaka bibi yake na batoto yake: banakula? Banacheka?"

4. Hesabu. Paulo, ingawa Yesu mwenyewe alimtokea, alipanda Yerusalemu kuwaonyesha wengine Injili aliyoihubiri, asije akawa amekimbia bure (Wagalatia 2:2). Ukikutana na mtumishi asiye na mkubwa wala wazee wa kanisa, asiyetoa hesabu ya sadaka kwa mtu yeyote, muulize: "Nani alikutuma?"

Vipimo hivi havisimami kwenye mlango wa jirani. Vinaingia parokiani kwetu pia, na katika jumuiya zetu. Padri ao pasta anayekula na wakubwa wa mashimo na kufunga macho juu ya watoto wanaoshuka chini ya udongo, hata kama mfululizo wake hauna kasoro, ajipime. Na sisi wakristo wa benchi ya nyuma, tunaopenda mtume wa miujiza kwa sababu hatutaki kusikia habari ya toba, tujipime vile vile.

MSINGI UNAOBEBEKA

Kuanzia mwaka wa 1996 watu wengi wa Fizi walikimbia vita, wakavuka ziwa mpaka kambi ya Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma. Hawakubeba majengo ya kanisa. Walibeba Biblia, kitabu cha nyimbo, na sala walizofundishwa na wazazi. Kanisa likasimama tena chini ya maturubali. Wengine wamefika Marekani, na huko pia wanaimba kwa Kiswahili na Kibembe. Ukuta ukibomoka, msingi wa mitume hauachwi nyuma, kwa sababu umo ndani ya watu.

Kijana mmoja wa Goma alionyesha namna ya kusimama juu ya msingi huo katika kazi ya kila siku. Floribert Bwana Chui alikuwa mtumishi wa ofisi inayochunguza bidhaa kwenye mpaka. Walimpa feza ili aruhusu chakula kilichooza kiingie sokoni. Alikataa, maana watu wangekula sumu. Mwezi wa Julai 2007 waliteka nyara kijana huyo, wakamwua, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri kule Roma, katika kanisa la Mtakatifu Paulo nje ya kuta, mahali penye kaburi la Mtume Paulo. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa kijana wa ofisi, aliyejua nani amemtuma.

Wewe unayechimba, unayeuza, unayesoma, unayepika chakula cha wachimbaji: kazi yako ni pale ulipotumwa. Mizani yako ikiwa ya haki, umehubiri. Ukimtoa mtoto shimoni na kumrudisha darasani, umehubiri. Ukikataa kumshitaki nyanya yako, umehubiri kwa nguvu kupita spika.

Tumalize na jambo ambalo wachimbaji watalifahamu upesi. Katika Ufunuo, sura ya 21, Yohana anaona mji wa Mungu. Dhahabu imo, tena nyingi. Lakini angalia imewekwa wapi: ndiyo barabara, watu wanaikanyaga. Na kwenye misingi kumi na miwili ya ukuta yameandikwa majina ya watu, mitume kumi na wawili wa Mwana-Kondoo. Sisi huku tunaikanyaga miili ya watu ili tupate dhahabu. Kule dhahabu iko chini ya miguu, na watu ndio msingi. Tuchague sasa tunataka kuishi katika mji gani.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA SHIRIKA

1. Nani alitufikishia imani katika jamaa yetu? Wazee wawaeleze watoto majina yao: katekista, nyanya, mwalimu.

2. Tumekwisha kutoa feza ao dhahabu kwa mtu kwa ajili ya kuogopa? Tungefanyaje sasa?

3. Kuna mzee ao mtoto karibu nasi anayeshitakiwa ulozi? Shirika letu litamlinda namna gani?

4. Someni Matendo 20:17-38 pamoja na jirani wa kanisa lingine. Kila mmoja aseme neno moja lililomgusa.